Kochi wa Kibanda Namba Mbili

Kila Alhamisi, saa nne kasoro, nilikuwa napaka mafuta midomoni na kujidanganya kwamba ni kwa sababu ya upepo. Mwaka ule wa tisini na sita upepo wa Mpanda ulikuwa na vumbi kweli, lakini Jumatatu haukunisumbua, wala Jumanne. Ulinisumbua Alhamisi tu, kwa sababu Alhamisi saa nne kamili Malale alikuwa anaingia ofisini kwetu kupiga simu Dar es Salaam.

Mlango wetu ulikuwa mfupi kwake. Alikuwa anauinamia bila hata kuutazama, kama mtu anayeingia kwa wakwe, kisha ananyooka taratibu na kuniangalia.

"Habari za leo, dada opereta."

"Nzuri. Dar?"

"Dar. Namba ile ile."

"Kaa hapo kwenye benchi nikuitie laini."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa mwaka mzima na miezi miwili. Mtu angetusikia angesema hawa wawili hawajuani kabisa. Ukweli ni kwamba nilikuwa namjua Malale pengine kuliko mama yake mzazi, na namna nilivyomjua ni dhambi ambayo mpaka siku ile nilikuwa sijaiungama.

Simu za wakati ule zilipita mikononi mwetu. Mteja anaandika namba kwenye karatasi, mimi naita Tabora, Tabora wanaita Dar, Dar wakipokea namwambia mteja aingie kibandani, namchomekea waya wake, basi. Mbele ya opereta kuna kiswichi kidogo. Ukikisukuma unasikia yanayosemwa. Kiliwekwa ili tuhakikishe laini haijakatika, na tulifundishwa kusikiliza pumzi mbili halafu kufunga. Lakini mimi Pudensiana ni mdadisi tangu utotoni, nilichapwa mara nyingi kwa kufunua masufuria ya majirani. Kwa wateja wengine nilijitahidi kufunga. Kwa Malale sikuwahi.

Alikuwa anampigia Mwalimu Ponsian, mzee aliyemfundisha mpira wa kikapu akiwa shule Tabora na baadaye kumpeleka kwenye klabu huko Dar. Kwa njia hiyo nilijua kwamba kwao ni Majimoto, kwenye boma la Wasukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Nilijua alicheza misimu mitatu Dar, kisha timu moja ya Nairobi ikamchukua na kumlipa mshahara kila mwezi, kazi yake ikiwa kukimbia na kurusha mpira. Baba yangu angeambiwa kuna mshahara wa namna hiyo angecheka mpaka akohoe. Nilijua mpaka sauti ambayo goti lake la kushoto lilitoa siku alipoanguka vibaya, maana alimsimulia Mwalimu, nami nikalishika goti langu chini ya meza.

Baada ya goti akarudi. Hakubaki Nairobi, hakushuka Dar. Alikuja Mpanda, akaomba uwanja wa saruji nyuma ya parokia, akamtafuta mtu wa reli wa kumchomelea ringi mbili, akaanza kufundisha wasichana. Mdogo wangu Mariana alikuwa mmoja wao. Kila wiki Mwalimu alimuuliza swali lile lile: "Lakini kwa nini Mpanda, Malale?" Na kila wiki Malale alimjibu kwa kuuliza kuhusu mazoezi. Swali lile lilininyima raha kuliko lilivyomnyima Mwalimu.

Alhamisi ninayoisimulia, Mwalimu hakuuliza habari za wasichana.

"Malale, nisikilize vizuri. Klabu imekubali. Wanakutaka uwe kochi wa timu ya kwanza."

Nilimwona kupitia kioo, amesimama na mkono juu ya kichwa.

"Mimi, Mwalimu?"

"Kwani kuna Malale mwingine? Wamechoka na makochi wa kukodi, wanataka mtu aliyecheza. Kikao ni Jumatatu asubuhi, na lazima uwe umekaa mbele yao. Panda treni ya kesho."

"Kesho!"

"Kesho. Si ndiyo kazi uliyokuwa unaililia siku zote?"

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini hawa wasichana wana mechi Tabora mwezi ujao. Nilianza nao kwa kudaka mipira ya soksi..."

"Malale. Miaka kumi nakufahamu. Si wasichana hao. Nini kinakushika huko?"

Malale alihamishia simu sikio la pili. "Kuna kitu sijakimaliza," akasema. "Na kuna mtu."

Niliikandamiza hedifoni sikioni mpaka ikaniuma.

"Mtu gani?" akauliza Mwalimu, na mimi moyoni nikauliza naye.

"Nipe mpaka saa tisa. Nitakupigia."

Akaweka simu. Nikafunga kiswichi haraka, nikashika kalamu, nikainamia karatasi iliyokuwa haina kitu. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mbele ya kaunta yangu.

"Dada opereta."

"Naam."

"Leo hukusema dakika tatu."

Nikatazama saa ya ukutani. Kila mteja, awe bwana shamba au sista, dakika tatu zikitimia huwa naingia kwenye laini na kumwambia, ili aamue kuongeza au kumaliza. Tangu nianze kazi sikuwahi kusahau. Na yeye alikuwa amekaa mle ndani dakika kumi na moja.

"Nilipitiwa," nikasema.

"Ulipitiwa na nini?"

"Kazi nyingi."

Aligeuka akatazama benchi. Palikuwa na mama mmoja tu, amesinzia na kikapu chake magotini.

"Naona," akasema Malale. Hakucheka. Aliniangalia kwa muda ambao mteja hamwangalii opereta, na mimi nikamwangalia, kwa sababu nilishachoka kutomwangalia. Ana macho ya mtu anayehesabu hatua kabla ya kuruka. "Saa tisa nitahitaji Dar tena. Tafadhali."

Mchana nilikwenda kula nyumbani, Shanwe. Baba yangu, mzee Aloyce, alikuwa amerudi kutoka kwenye ujenzi, maana ni fundi mwashi. Amekaa barazani ananawa mikono huku anaitazama kamba ya nguo kwa uchungu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hii kaptura ya Mariana itaanikwa hapa mbele mpaka lini? Watu wanapita."

"Ni sare ya timu, baba."

"Sare! Sketi imekosa nini?"

Tulikula ugali na kisamvu. Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza, lakini treni ya kesho ilikuwa imenikaa kifuani.

"Baba, yule kochi wa Mariana..."

"Yule Msukuma."

"Ana jina."

"Wote wana majina. Hata ng'ombe wao wana majina."

"Jumapili alikuamkia pale nje ya kanisa ukageuza uso. Kakukosea nini?"

Baba aliweka tonge chini. Si mtu wa kuacha tonge njiani.

"Mwaka themanini na tano ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Unakumbuka tulikula nini mwaka ule?"

"Mihogo," nikasema. Nani angesahau? Tulikuwa tunaishi Kasansa bado, na asubuhi mihogo, jioni mihogo, mpaka mama akawa anatubembeleza. Baada ya hapo ndipo baba alipokuja mjini kutafuta kazi ya ufundi, na sisi tukamfuata.

"Mpunga ulikuwa umeshainama," akasema baba. "Imebaki wiki moja tukate. Mimi na mama yako tukaenda Usevya kuzika. Tunarudi jioni, tunakuta ng'ombe wa watu wa Majimoto wamelala katikati ya shamba wanacheua. Hawali tena, Pude. Wameshiba."

"Na mchungaji?"

"Akatokea jua linazama, anakimbia. Kijana mrefu, mwembamba. Akasimama juu ya tuta akaniangalia. Hana hata fimbo mkononi. Ameshika mpira."

Nikaweka kikombe cha maji chini. "Mpira gani, baba?"

"Mpira mkubwa, rangi ya tofali. Mimi sijawahi kuona mpira wa namna ile kabla ya siku hiyo. Kaniangalia, mimi namwangalia. Halafu akawaswaga ng'ombe wake akaenda zake. Baba yake, Masalu, alikuja na wazee, akatoa ng'ombe wawili, nikawauza siku hiyo hiyo nisiwaone. Masalu simdai. Lakini yule kijana hakusema pole. Neno moja tu. Hakurudi kulisema mpaka leo."

"Unafikiri ndiye kochi?"

Baba akachukua tena tonge lake. "Sijui. Warefu ni wengi. Ndiyo maana simtazami usoni. Nikimtazama nitajua, na nikijua sitamruhusu Mariana akanyage pale. Na wewe," akaongeza, macho kwenye sahani, "tangu lini unajali nani kamwamkia baba yako?"

Nilirudi ofisini kwa miguu naongea peke yangu. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilinishangaza. Nilipoichunguza sikuona mpunga ndani yake hata punje. Niliona mtu anayeweza kuondoka kesho bila kusema neno, kama alivyoondoka siku ile juu ya tuta.

Saa tisa alikuja. Benchi safari hii lilikuwa na watu watatu.

"Laini ya Dar ipo, dada?"

"Ipo. Kabla hujaingia, nina swali." Nilishusha sauti. "Mwaka themanini na tano ulikuwa unachunga wapi?"

Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, na kaunta ilionekana ndogo.

"Kasansa," akasema.

"Siku ile ng'ombe uliwaachia nani?"

"Sikumwachia mtu, Pudensiana."

Lilikuwa jina langu, na hakuwahi kulitamka. Liliniingia vibaya, maana lilikuwa tamu na mimi sikutaka liwe tamu.

"Jina langu kakupa nani?"

"Mariana."

"Na baba yake Mariana unamjua?"

"Namjua. Nimemjua tangu Mariana alipojaza fomu ya timu. Aloyce, wa Kasansa."

"Mwaka mzima! Unamfundisha mtoto wake kudaka mpira ule ule uliomlia mpunga wake, na mdomo umekuwa mzito kusema pole?"

"Naogopa," akasema.

Nilimtazama kuanzia kifuani mpaka nywele, safari ndefu. "Mtu mzima hivyo!"

"Hivyo hivyo nilivyo."

"Mama," akaita mzee mmoja kutoka kwenye benchi, "na mimi nina simu yangu ya Sumbawanga. Ugomvi wenu unaisha saa ngapi?"

"Ingia namba mbili," nikamwambia Malale, na sauti yangu ilikuwa imepasuka.

Nilimuunganisha. Nikaapa kwamba leo sisikilizi. Nikahesabu pumzi moja, nikahesabu ya pili, nikafungua.

"Umefunga mizigo?" Mwalimu alikuwa anauliza.

"Subiri kidogo, Mwalimu. Umesikia sauti yangu imeshuka sasa hivi?"

"Imeshuka kidogo. Laini za Tabora hizo."

"Si Tabora. Opereta akifungua kusikiliza, sauti inashuka. Nairobi nilikuwa naishi kwenye vibanda vya simu nikipiga nyumbani, nimeshazoea kuitambua. Huyu dada wa hapa anafungua mwanzo mpaka mwisho. Mwaka mzima na miezi miwili."

Masikio yangu yalishika moto. Nilitaka kufunga, mkono ukakataa.

"Na wewe unajua, halafu unaendelea kuongea tu?" akauliza Mwalimu.

"Mwalimu, nimecheza mpira miaka kumi. Kweli unadhani nilihitaji kukupigia kila wiki kukuuliza mtu anafundishwaje kudundisha mpira?"

Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akapiga chafya. "Kwa hiyo mimi nilikuwa daraja!"

"Nisamehe, Mwalimu. Kaunta ina watu, na mimi usoni pa mtu siwezi kuongea. Nilikuwa namweleza mimi ni nani kwa njia hii. Lakini kuna jambo moja sikumweleza, na leo kalijua kwa mtu mwingine. Basi acha niliseme mwenyewe."

Akasimulia. Bruda mmoja alikuwa amefunga ringi kwenye ukuta wa ghala la parokia Majimoto, na Malale alikuwa akipita na ng'ombe akauona mpira unaingia, akaona hajawahi kuona kitu kizuri kama kile. Siku hiyo aliwaacha ng'ombe Kasansa akasema nakwenda kurusha mara tatu tu. Alirusha mpaka jua likageuka. Baada ya hapo baba yake alimfukuza aende kwa mjomba Tabora, akamwambia huna mkono wa kuchunga.

"Na huko Tabora ndiko ulikonikuta, Mwalimu. Umeuliza sana kwa nini Mpanda. Nairobi watu wanapiga makofi, mimi namwona yule mzee ananitazama. Niliporudi nikasikia alihamia mjini hapa, nikaja kumtafuta. Nikasikia sauti ya binti mmoja kwenye simu inasema dakika tatu, nikapenda kuisikia tena. Halafu nikagundua ni binti wa nani. Nikaogopa mara mbili. Nikisema ni mimi, naufunga mlango. Nisiposema, naingia kama mwizi."

"Utafanyaje?"

"Jumapili nakwenda Shanwe kutoa pole."

"Jumapili treni itakuwa imeshaondoka, Malale. Jumatatu watampa mtu mwingine. Sitaweza kuwazuia."

"Wampe." Alisema hivyo na nikaona kichwa chake kimeegemea ukuta wa kibanda. "Inaniuma, Mwalimu. Usidhani hainiumi."

"Na mzee akikufukuza?"

"Nitakuwa nimeshasema."

"Na binti?"

"Binti anasikia. Haruhusiwi kuongea kwenye laini. Asiponijibu sitamlaumu."

Saa ya ukutani ilionyesha muda umetimia. Safari hii sikupitiwa.

"Dakika tatu," nikasema.

"Mwanangu!" akadakia Mwalimu kutoka Dar. "Mjibu huyu mtu, nisije nikafa bila kujua mwisho wake."

Nilimwomba msamaha kimoyomoyo, nikachomoa waya wa Tabora. Tukabaki wawili kwenye laini, mimi na kibanda namba mbili. Malale aliitazama simu, akadhani imekatika, akaanza kuishusha.

"Usiweke," nikasema.

Akasita. Akanitafuta kupitia kioo, akanipata. Watu wa benchi walikuwa wananitazama mdomo, nikaufunika kwa karatasi ya simu.

"Jumapili, baada ya misa ya pili, baba anakaa barazani peke yake," nikamwambia. "Usije na mshenga, usije na wazee. Uje umeshika mpira, ili asipate shida ya kukujua. Usimame mbele yake mpaka akuangalie usoni, ndipo useme."

"Na nyumbani kwetu nikiwaeleza, baba yangu atataka kutanguliza ng'ombe. Ndivyo wanavyofanya."

"Ng'ombe wasikanyage Shanwe mpaka baba mwenyewe awaulizie."

"Nimesikia." Akameza mate, nikayasikia. "Na kama ataanza kunifukuza kabla sijamaliza?"

"Mimi nitakuwa nyuma ya pazia nasikiliza," nikasema. "Si unanijua? Mambo yakiharibika nitatoka."

Malale alicheka. Mwaka mzima nilikuwa nimesikia sauti zake zote, ya uchovu, ya ukali, ya kukumbuka Nairobi, lakini kicheko kilikuwa kigeni kwangu, na nilikisikia mara mbili, sikioni na kupitia mbao za kibanda. Kisha akaweka simu, akatoka, akauinamia mlango wetu, akaenda uwanjani kwa wasichana wake. Kesho yake treni ingepiga honi bila yeye, na nilijua ingemuuma kuisikia.

"Mama," akasema mzee wa benchi, "Sumbawanga yangu."

"Samahani, mzee wangu. Ingia namba mbili."

Nikachomeka waya, nikaita, Sumbawanga wakapokea. Mzee akaanza kuongea kwa sauti ya chini sana, jambo la siri kabisa, mkono wake umefunika mdomo. Nikakitazama kile kiswichi. Kisha nikaweka mikono yangu yote miwili magotini, nikasubiri dakika tatu zipite.